Kamili wa Lellis

Kamili wa Lellis (Bucchianico, Italia, 25 Mei 1550 – Roma, 14 Julai 1614) alikuwa padri wa Kanisa Katoliki, maarufu kwa toba yake na kwa kuanzisha shirika la Watumishi wa Wagonjwa, linalojulikana pia kama Wakamili.

Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 14 Julai.

Ujana

Alizaliwa na mama mwenye umri mkubwa, naye baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Alimpoteza mama akiwa bado mdogo, akakua bila malezi imara. Alikuwa mrefu sana, mwenye nguvu na mwepesi wa hasira. Akawa askari, akazoea kamari kiasi cha kushindwa kuiacha.

Kidonda cha mguu kilimfikisha katika hospitali ya Mt. Yakobo, Roma, mwaka 1571. Alitibiwa na kupewa kazi humo, lakini alifukuzwa kwa sababu ya kamari na ugomvi. Mwaka 1574 huko Napoli alipoteza kwa kamari kila alichokuwa nacho.

Toba

Akiwa fukara, alikubali kibarua cha ujenzi katika konventi ya Wakapuchini huko Manfredonia, kazi aliyoiona ya aibu kwa mtoto wa afisa. Tarehe 2 Februari 1575, akiwa njiani kurudi huko, mawaidha aliyopewa na mtawa mmoja yalimchoma moyo. Alishuka juu ya mnyama wake, akapiga magoti na kulilia dhambi zake.

Aliomba kuwa Mkapuchini, lakini kidonda kilifumuka tena, akalazimika kuondoka. Ndipo aliporudi katika hospitali ileile iliyomfukuza. Safari hii aliwahudumia wagonjwa kwa bidii mpaka akakabidhiwa usimamizi wa nyumba. Aliongozwa kiroho na Filipo Neri.

Shirika

Wakati ule wahudumu wengi wa hospitali walifanya kazi kwa ajili ya mshahara tu, na wagonjwa walipuuzwa. Kamili alikusanya wenzake wa kuwatunza kwa upendo kama wa mama kwa mtoto wake wa pekee anayeugua. Alipewa upadri mwaka 1584. Papa Sisto V alikubali kundi hilo mwaka 1586 na kuliruhusu kuvaa msalaba mwekundu. Mwaka 1591 Papa Gregori XIV alilifanya kuwa shirika la kitawa, lenye nadhiri ya nne ya kuwatumikia wagonjwa hata kwa kuhatarisha uhai. Baadhi ya ndugu walikufa kwa kuhudumia wenye tauni.

Mwaka 1607 aliacha uongozi, akabaki mtumishi kati ya wenzake. Kidonda hakikupona hadi kifo chake. Aliposhindwa kutembea, alijikokota kutoka kitanda hadi kitanda.

Heshima

Papa Benedikto XIV alimtangaza mwenye heri mwaka 1742 na mtakatifu mwaka 1746. Mwaka 1886 Papa Leo XIII alimfanya msimamizi wa wagonjwa na hospitali, pamoja na Yohane wa Mungu. Wafuasi wake wanafanya kazi pia Afrika Mashariki, kwa mfano Karungu nchini Kenya.