Karl Landsteiner, Mtambuzi wa Makundi ya Damu

Askari aliyejeruhiwa, akaongezewa damu ya mwenzake na kupona, ana deni kwa mtu ambaye huenda hajapata kulisikia jina lake. Huyo ni Karl Landsteiner, daktari wa Austria, ambaye maisha yake twayasimulia leo.

Alizaliwa mwaka 1868 karibu na Vienna. Baba yake, mwandishi wa magazeti, alifariki Karl akiwa na miaka sita, naye akalelewa na mama. Alihitimu udaktari mwaka 1891, lakini akapenda maabara kuliko wodi.

Zama hizo kumwongezea mgonjwa damu kulikuwa kama kucheza kamari: huyu aliinuka, yule alikufa. Mwaka 1901 Landsteiner alieleza sababu. Alichukua damu yake na ya wenzake kazini, akatenga maji ya damu na chembe nyekundu, kisha akachanganya za huyu na za yule. Mara chembe zilitulia. Mara zilishikamana mafungu mafungu. Hivyo akatambua makundi ambayo leo twayaita A, B na O. Lile la AB lilitambuliwa na wengine mwaka 1902. Chembe zina alama zake, na maji ya damu yana kinga inayoshambulia alama ngeni, mfano wa mlinzi amzuiaye langoni asiyevaa sare ya kikosi.

Shida zilizofuata Vita Kuu ya Kwanza zilimhamisha Vienna. Alikwenda Uholanzi mwaka 1919, kisha New York. Huko, mwaka 1927, yeye na Philip Levine walitambua alama za M, N na P. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, na mwaka 1940 yeye na Alexander Wiener wakatangaza ile ya Rh. Alifariki mwaka 1943, siku mbili baada ya kushikwa na ugonjwa wa moyo akiwa maabarani.

Leo alama zinazojulikana zapita 300. Iitwayo U inapatikana kwa karibu watu wote duniani. Wachache wasio nayo, karibu wote ni wa asili ya Kiafrika. Mmoja wao akishajenga kinga dhidi ya U, damu ya kundi lile lile la ABO yaweza kumwua.

Ndiyo maana damu haina budi kupimwa kila mara. Haijui cheo wala ukoo: koplo aweza kumfaa jenerali, na ndugu wa tumbo moja wasifaane.