Harold Larwood, mutoto wa mine aliyekataa kuomba musamaha

Huku kwetu mupira ni wa miguu, na wengi wetu hatujaona kriketi hata siku moja. Lakini leo tunapenda kuwaelezea maisha ya mutu mumoja wa kriketi, kwa sababu mbele ya kupata jina alikuwa mufanyakazi wa chini ya udongo, kama wengi kati yenu.

Harold Larwood alizaliwa tarehe 14 Novemba 1904 kule Nuncargate, kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe katika jimbo la Nottinghamshire, inchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa muchimbaji, na nyumbani walikuwa vijana wanaume watano. Harold aliacha masomo na miaka 13. Alipofika 14 akaingia mine: kazi yake ilikuwa kuongoza farasi wadogo waliokokota vigari ndani ya shimo. Kiisha akafanya kazi ya usiku. Hakuwa murefu, karibu metre 1,73 tu, lakini ile kazi ilimupa mugongo na mabega ya nguvu.

Siku za mapumziko alicheza kriketi. Ule muchezo ni hivi: mupigaji anashika ubao na kuchunga vijiti vitatu vilivyo nyuma yake. Mutupaji wa ekipe ingine anatoka mbio na kumutupia mupira kutoka karibu metre 20. Mupira unapiga chini kwanza, kiisha unaruka. Mupigaji akiupiga mbali, anakimbia na kuongeza pointi. Vijiti vikigongwa, ao mupira ukidakwa mbele haujagusa chini, anatoka. Tena mule ndani ya mupira hakuna hewa: ni wa ngozi na mugumu karibu kama jiwe.

Mwaka 1923 ekipe ya Nottinghamshire ilimuchukua Larwood, na mwaka 1926 akaitwa katika ekipe ya inchi. Mupira wake ulipita kilometre 140 kwa saa. Mwenzake wa kutupa, Bill Voce, naye alitoka katika mine.

Lakini tujue vizuri, kriketi ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa na milango miwili. Watoto wa matajiri waliocheza bila mushahara walikuwa na chumba chao, na wenye kulipwa walikuwa na chumba chao. Kapiteni wa ekipe ya inchi alitoka siku zote kwa wale wa kwanza. Hata ungekuwa fundi namna gani, kama unakula mushahara unafuata amri.

Mwaka 1930 ekipe ya Australia ilikuja Uingereza, na kijana Donald Bradman akafanya pointi 974 katika michezo mitano. Mpaka leo hakuna mutu aliyepita hesabu hiyo katika safari moja. Waingereza wakafazaika. Walipojitayarisha kwenda Australia mwaka 1932, kapiteni mupya, Douglas Jardine, mutu wa shule kubwa na wa chuo cha Oxford, akatafuta dawa ya Bradman. Dawa njo hii: kutupa mupira ulioruka kuelekea mwili wa mupigaji, na kupanga wadakaji wengi upande wa miguu yake. Mupigaji anachagua mwenyewe: ajikinge na ubao na kudakwa, ao apigwe. Nao hawakuvaa kofia ngumu. Ilikuwa ya kitambaa tu. Na nani angetupa? Larwood.

Muchezo wa kwanza, kule Sydney, Larwood alitosha wapigaji 10 na Uingereza ikashinda. Wa pili, Melbourne, Australia ikashinda. Wa tatu, Adelaide, Januari 1933, mambo yakaharibika. Mupira wa Larwood ulimupiga kapiteni wa Australia, Bill Woodfull, karibu na roho. Siku mbili kiisha, mupira wake tena ukamuvunja Bert Oldfield mufupa wa kichwa. Oldfield mwenyewe alisema kosa halikuwa la Larwood, na kweli saa ile wadakaji walikuwa wamepangwa kama kawaida. Lakini watu walikuwa na hasira kali. Wakubwa wa kriketi wa Australia wakatuma telegramu London, na maneno yakafika mpaka kwa serikali.

Uingereza ikashinda michezo mine kwa mumoja. Larwood peke yake alitosha wapigaji 33. Katika muchezo wa mwisho, Sydney, alifanya pointi 98 na ubao, na wale Waaustralia waliomuzomea wakamupigia makofi. Kiisha mufupa wa muguu wake ukavunjika akiwa anatupa. Jardine hakumuruhusu atoke mpaka Bradman atoke. Akabakia uwanjani na maumivu yake.

Wakubwa wa London kwanza walitetea ekipe yao. Lakini mwaka 1933 watupaji wa West Indies walifanya vile vile mbele ya macho yao, na sasa wakaona ubaya wake. Ilipofika 1934 Australia ilikuwa inarudi, na amani ilitakiwa. Mukubwa wa Nottinghamshire akamuita Larwood na kumuambia aandike barua ya kuomba musamaha. Jardine, aliyepanga yote, alikuwa amekwenda kuongoza ekipe ya Uingereza huko India.

Larwood akakataa. Alisema alifanya kazi aliyoamriwa na kapiteni wake, basi hana barua ya kuandika. Tangu pale hakuitwa tena katika ekipe ya inchi hata mara moja. Alikuwa na miaka 29 tu. Jardine yeye hakumusahau: alimupa zawadi ya feza ya kumushukuru. Lakini ile zawadi haikumurudishia nafasi.

Kiisha vita Larwood alifungua duka ndogo la bonbon kule Blackpool. Hapo Jack Fingleton, mumoja wa Waaustralia waliosimama mbele ya mupira wake, akamutafuta na kumushauri ahamie kwao. Mwaka 1950 Larwood, bibi yake Lois na mabinti wao watano wakapanda meli Orontes, ile ile iliyomupeleka mwaka 1932. Kufika Sydney, Ben Chifley, aliyekuwa waziri mukuu na zamani mwendesha treni, alilipa kwa siri nusu ya deni lao la hoteli. Larwood akapata kazi katika kiwanda cha vinywaji, na wale aliowapiga wakamutembelea nyumbani.

Uingereza ilimupa nishani mwaka 1993. Alikufa Sydney tarehe 22 Julai 1995, na miaka 90.

Sisi hatusemi kama hakuwa na kosa lolote: mukono uliotupa ulikuwa wake, na alijua mupira unaumiza. Lakini amri ilitoka kwa mukubwa, na barua ikatakiwa kwa mufanyakazi. Ninyi munaofanya kazi chini ya kapita munajua mambo haya vizuri kuliko sisi. Waelezeeni watoto.