Richard Kandt: mtafutaji wa chimbuko la Nile aliyeuweka mji wa Kigali juu ya kilima

Mwaka 1898, ndani ya msitu wa Nyungwe kusini magharibi mwa Rwanda, daktari mmoja wa Kijerumani alifika mahali ambapo mto Rukarara huanza kama matone tu. Richard Kandt alikuwa ameufuata mto kuelekea juu. Kila mito miwili ilipokutana alipima ni upi uliobeba maji mengi zaidi, akaufuata huo. Kwa hesabu yake, Nile ilianzia hapo. Warundi nao wana chemchemi yao ya Rutovu, iliyo kusini zaidi, na ubishi huo haujakwisha hadi leo.

Kandt alizaliwa Desemba 1867 mjini Posen, ambao sasa uko Poland, akiitwa Kantorowicz. Jina la Kandt alilichukua ukubwani. Alisomea udaktari akabobea katika maradhi ya akili, akafanya kazi katika hospitali za kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1897 aliiacha kazi hiyo akaja Afrika Mashariki kwa gharama zake mwenyewe, akaingia bara kutoka pwani pamoja na msafara wa wapagazi. Kiswahili kilikuwa ndicho lugha ya misafara ya namna hiyo. Baada ya Rukarara alijenga makao yake Shangi, kando ya ziwa Kivu, akakaa miaka kadhaa akichunguza mimea, wanyama na ramani ya nchi. Kitabu chake kuhusu safari hizo, Caput Nili, kilitoka mwaka 1904.

Mwaka 1907 serikali ya Ujerumani ilimteua kuwa mwakilishi wake mkuu wa kwanza nchini Rwanda. Mwami Musinga alikuwa na kasri lake Nyanza, na Kandt hakutaka kukaa mlangoni pake. Alichagua kilima cha Nyarugenge, karibu na katikati ya nchi, mahali ambapo njia za biashara zingeweza kukutana. Hivyo ndivyo Kigali ilivyoanza: nyumba ya mtawala, kambi ya askari na maduka machache ya Wahindi, Waarabu na Waswahili. Alikuwa mtawala wa kikoloni, na mji huo aliujenga kwa ajili ya utawala huo. Hata hivyo, jamii ya Waswahili wa Rwanda ina sehemu kubwa ya mizizi yake katika kituo hicho. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo unahesabiwa kuwa wa mwaka 1913, na baadaye, chini ya Wabelgiji, Waswahili walipewa makazi yao Biryogo.

Kwa biashara na ulinzi kilima kilifaa. Kwa maji hakikufaa hata kidogo, na ni ajabu kwamba uamuzi huo ulitoka kwa mtu aliyetumia ujana wake kupima mito. Maji ya Kigali yako bondeni. Rukarara huingia Mwogo, Mwogo huungana na Mbirurume kuwa Nyabarongo, na Nyabarongo hupita chini ya Kigali ikiwa nyekundu kwa udongo. Huko Nzove maji husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu kupanda vilimani. Sehemu ya maji ya chemchemi ya Kandt, basi, humalizia safari yake katika vyoo vya Kigali.

Mji wa watu wapatao 6,000 wakati wa uhuru mwaka 1962 uliweza kuvumilia hilo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.7. Katika nyumba za zamani, tangi la choo huweza kumwaga lita 9 au zaidi kila linapovutwa. Familia ya watu sita, kila mmoja akivuta mara tano kwa siku, humaliza lita 270. Choo kipya chenye vitufe viwili hutoa lita 6 kwa haja kubwa na 3 kwa ndogo. Familia hiyohiyo ingetumia takriban lita 108. Tofauti ni jerikani nane za lita 20, na anayeishi juu ya kilima ambako bomba hukauka kwa siku nzima anajua uzito wake.

Ugumu uko kwenye mabomba ya zamani. Tangi dogo likifungwa juu ya sinki la choo la zamani, lililoundwa kwa maji mengi, uchafu hauondoki. Watu huvuta mara mbili, na akiba yote hupotea. Sinki na tangi hubadilishwa pamoja, baada ya fundi bomba kupima umbali kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la sakafuni, kwa kuwa vyoo vipya havilingani nalo daima. Bomba lililolegea katikati au kukwaruzwa na kutu hurekebishwa kwanza, kwani maji machache hayana nguvu ya kuvusha kinachokwama hapo. Hapa mteremko wa Kigali husaidia. Sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na mtandao wa pamoja wa maji taka; shimo huwa ndani ya ua, bomba ni fupi, na tangi la maji taka linalopokea maji machache hupata nafasi ya kutuamisha uchafu.

Kandt hakuishi kuyaona hayo. Aliondoka Rwanda kwa likizo mwaka 1913, na vita vya mwaka uliofuata vilimzuia asirudi. Alitumika jeshini kama daktari, akadhurika kwa gesi ya sumu, akafariki katika hospitali ya kijeshi mjini Nuremberg tarehe 29 Aprili 1918. Wakati huo Kigali ilikuwa imekwisha kuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu Mei 1916, nao walipendelea kutawala Ruanda-Urundi kutoka Usumbura. Nyumba inayobeba jina lake Nyarugenge sasa ni jumba la makumbusho, na tumbili wa dhahabu wa milima ya Virunga huitwa na wanasayansi Cercopithecus kandti.