Mtakatifu Anna Schäffer: Miaka 24 ya Maumivu

Kuna maumivu ya siku mbili tatu, halafu kuna yale unayoamka nayo kila asubuhi. Anna aliyajua haya ya pili.

Alizaliwa mwaka 1882 Mindelstetten, kijiji cha Bavaria, Ujerumani. Baba yake, seremala, alifariki mapema, hivyo Anna akafanya kazi za ndani apate fedha za kuingia utawani. Ndoto yake ilikuwa umisionari. Tarehe 4 Februari 1901, kwenye chumba cha kufulia, bomba la moshi lilichomoka ukutani. Akapanda kulirudishia, akateleza, miguu yote miwili ikazama kwenye maji ya magadi yanayochemka. Alikuwa na miaka 18 tu.

Alipasuliwa zaidi ya mara 30, vidonda vikakataa kupona. Tusidanganyane: hakuyapokea haya mara moja. Ilimchukua kama miaka miwili kuacha kushindana na kitanda kile. Maumivu hayakuondoka, ila siku zake zilibadilika. Mama yake alimuuguza, paroko alimletea Komunyo Takatifu, naye akashika sindano akidarizi, na kalamu akiwajibu waliomwandikia wakiomba sala. Umisionari wake ukawa humo chumbani.

Alifariki tarehe 5 Oktoba 1925. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwaka 2012.

Wewe unayeumwa kila siku, endelea na dawa, na usijilaumu ukilia. Leo fanya jambo dogo moja kwa upendo. Inatosha.

Mtakatifu Anna Schäffer, utuombee.