Hugo Eckener: Nahodha Aliyejifunza Kukataa

Basi likichelewa kuondoka kwa sababu ya mvua, mara nyingi sisi abiria ndio wa kwanza kulalamika. Dereva tunamwita mwoga. Ndugu msomaji, maisha ya Hugo Eckener yanatuonyesha uzito wa malalamiko hayo.

Eckener alizaliwa tarehe 10 Agosti 1868 mjini Flensburg, kaskazini mwa Ujerumani. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leipzig, kisha akawa mwandishi wa magazeti. Wakati huo mwanajeshi mstaafu, Ferdinand von Zeppelin, alikuwa akijaribu kurusha chombo kirefu chenye kiunzi cha alumini, kilichoinuliwa na mifuko ya haidrojeni, gesi nyepesi sana inayowaka upesi. Eckener aliandika kumkosoa. Zeppelin alimfuata nyumbani, wakazungumza, na hatimaye mkosoaji akawa msaidizi wake.

Mwaka 1909 iliundwa kampuni ya DELAG ili kubeba abiria kwa vyombo hivyo. Tarehe 16 Mei 1911, mjini Düsseldorf, Eckener alikuwa nahodha wa Deutschland II. Upepo ulikuwa mkali, lakini abiria walikuwa wamekwishafika na umati ulikuwa ukingoja. Aliona haya kuwarudisha, akaamuru chombo kitolewe bandani. Upepo ukakisukuma, kikajibamiza kwenye banda na kuvunjika. Abiria walishushwa kwa ngazi ndefu. Hakuna aliyekufa, ila tangu siku hiyo Eckener hakukubali tena kelele za watu zimwamulie safari. Alisisitiza mafunzo ya wafanyakazi na taarifa za hali ya hewa. Hadi vita vilipoanza mwaka 1914, DELAG ilikuwa imefanya safari zaidi ya 1,500 bila abiria kupoteza maisha.

Mwaka 1928 aliongoza Graf Zeppelin kuvuka Atlantiki. Chombo hicho kilikuwa na vyumba 10 vya abiria, kila kimoja vitanda viwili, na ukumbi mmoja wa kulia chakula na kupumzika. Jiko lilikuwa la umeme. Hakukuwa na joto la kupasha vyumba, hivyo watu walikaa na makoti yao. Kuvuta sigara kulikatazwa kabisa. Katika safari hiyo dhoruba ilichana kitambaa cha bawa la mkia. Eckener aliweka fahari kando, akaomba msaada kwa redio, na miongoni mwa waliotoka nje kushona kitambaa alikuwamo mwanawe, Knut. Walifika salama. Mwaka uliofuata chombo kikaizunguka dunia, na mwaka 1931 kikatua Cairo.

Wanazi walipotwaa madaraka, Eckener hakuwapendeza. Machi 1936 walitaka Hindenburg, chombo kipya, kirushwe kwa propaganda yao. Nahodha Ernst Lehmann alikitoa kwenye upepo mkali na mkia ukaharibika. Eckener alimkemea wazi, na serikali ikaagiza jina lake lisiandikwe magazetini. Lilikuwa kosa lilelile la Düsseldorf, na safari hii aliyelikataza ndiye aliyeadhibiwa.

Hindenburg ilikusudiwa kutumia heliamu, gesi isiyowaka, lakini sheria ya Marekani ilizuia kuiuza nje. Ikajazwa haidrojeni. Abiria walinyang'anywa viberiti kabla ya kupanda, na chumba cha kuvutia sigara kilikuwa na kiwashio kimoja tu cha umeme. Tarehe 6 Mei 1937, ikijiandaa kutua Lakehurst, iliwaka moto. Kati ya watu 97 waliokuwamo, 35 walikufa, pamoja na mfanyakazi mmoja wa ardhini. Eckener, aliyekwenda Marekani kwa uchunguzi, aliona kwamba gesi ilivuja na cheche ya umeme wa hewani ikaiwasha.

Alifariki tarehe 14 Agosti 1954 mjini Friedrichshafen. Hatuwezi kumsifu bila kusema ukweli wote: kwa miaka mingi uangalifu ulifunika hatari, lakini haukuiondoa, kwani haidrojeni ilibaki juu ya vichwa vya abiria. Hata hivyo alielewa kwamba roho za watu ni amana. Kwa hiyo dereva akituambia tusubiri mvua ipite, tukae tusubiri.