Eddington, aliyeonyesha kuwa jua hupinda nuru

ARTHUR Eddington, mwanafalaki Mwingereza aliyezaliwa 1882, alikuwa muumini wa dhehebu la Quaker, hivyo alikataa kwenda vitani. Mnamo 1918 alisamehewa jeshi kwa sharti kwamba aendelee na sayansi, ikiwemo safari ya kutazama kupatwa kwa jua.

Mei 29, 1919, katika kisiwa cha Principe, Afrika, mawingu nusura yamharibie kazi. Hata hivyo, picha chache zilionyesha nyota kana kwamba zimesogea, jinsi alivyotabiri Albert Einstein aliyekuwa Berlin, mji mkuu wa adui. Nuru haina uzito. Bali jua hupinda anga yenyewe, nayo nuru hufuata mpindo huo.

Eddington alifariki Cambridge mnamo 1944.