Muzeeyi wa Minziro: alitumia mali yake kukomboa watumwa, akakataa kujificha

MFANYABIASHARA anayevuka Mutukula kutoka Uganda kuingia Kagera hayuko mbali na Minziro. Leo kijiji hicho kiko Tanzania. Katikati ya karne ya 19, kabla ya mpaka kuchorwa, Minziro ilihesabiwa kuwa sehemu ya Buddu, jimbo la kusini la ufalme wa Buganda. Huko ndiko alikozaliwa Yohana Maria Muzeeyi, mmoja wa Wakatoliki 22 wanaojulikana kama Mashahidi wa Uganda.

Jina la Muzeeyi alipewa angali kijana. Maana yake ni ile ile ya mzee kwa Kiswahili, kwa sababu watu waliona busara yake imezidi umri wake. Alitumikia katika ikulu ya Kabaka Mutesa I, kisha ya mwanawe, Mwanga.

Wakati huo biashara kati ya Buganda na pwani ilikuwa imeshamiri. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilipitia Tabora ikileta nguo, bunduki na baruti. Iliporudi ilibeba pembe za ndovu, na pamoja nazo watu. Mtumwa alikuwa na bei kama gora la kitambaa, na katika ikulu hakuna aliyeshangaa kuona binadamu akibadilishwa kwa bunduki.

Wamisionari Wakatoliki walifika Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa 1882 waliondoka kwenda kusini mwa ziwa, wakarudi 1885. Katika miaka hiyo ya kati, waumini walibaki wakifundishana wenyewe kwa wenyewe, bila padre. Muzeeyi alibatizwa mwaka huo wa 1885.

Imani yake ilionekana kwanza katika matumizi ya mali yake. Alichokipata alikitumia kukomboa watumwa, akawafundisha dini. Aliwalisha wenye njaa na kuwauguza wagonjwa. Kwa hesabu ya sokoni hiyo ilikuwa hasara tupu: alilipa bei kamili ya mtu, kisha hakumuuza wala kumtumikisha.

Novemba 1885, Mwanga aliamuru kuuawa kwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa Wakatoliki ikuluni. Juni 3, 1886, vijana wengi wa ikulu walichomwa moto Namugongo. Kabaka alihofia kwamba waumini hao walimtii bwana mwingine kuliko yeye. Wakristo waliosalimika walijificha kwa ndugu na marafiki.

Muzeeyi hakutaka kuishi mafichoni. Alipoitwa aonekane mbele ya wakuu, wenzake walimwonya kuwa huo ni mtego. Njia za kurudi kusini alizijua, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kukimbia. Mtu huyo aliyelipia uhuru wa wengine hakutafuta namna ya kuokoa wake. Januari 27, 1887, alikwenda peke yake kwa Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka. Alikatwa kichwa, na mwili wake ukatupwa kwenye bwawa. Ndiye wa mwisho kuuawa kati ya wale 22.

Miaka mitatu baadaye, Wajerumani na Waingereza walikubaliana kugawana eneo hilo kwa mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Minziro ikaangukia upande wa Wajerumani. Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu, Oktoba 18, 1964, mzaliwa wa Minziro alikuwa wa nchi mbili.

Kila mwaka, kuelekea Juni 3, mahujaji kutoka Tanzania huvuka Mutukula kwenda Namugongo. Hupita kwenye barabara ile ile ya malori na mizigo, wakitoka upande alikozaliwa Muzeeyi kwenda upande alikofia.